Kasisi wa Llanidan na mawe ya wadruidi: uchambuzi wa kisa cha Henry Rowlands

Kusini mwa kisiwa cha Ynys Môn, kule Wales, katikati ya mashamba ya Llanddaniel Fab, pana kilima kidogo kiitwacho Bryn Celli Ddu, maana yake kilima cha kichaka cheusi. Mwanzoni mwa karne ya 18 kasisi wa eneo hilo alikiendea kilima hicho, akakitazama, akaandika alichokiona. Kulikuwa na marundo mawili ya mawe, yameachana kwa yadi chache tu. Moja lilikuwa limefukuliwa ubavuni na mawe yake kubebwa. La pili lilikuwa limekwisha karibu lote, mawe yake yamehamia kwenye kuta za mashamba. Katikati ya marundo hayo zilisimama nguzo mbili za mawe.

Anayefika pale leo huona kilima kimoja. Rundo la pili limetoweka machoni, na lau kasisi yule asingeandika sentensi zile chache, hata kulitafuta kusingekuwa na sababu.

Kasisi huyo ni Henry Rowlands. Kitabu chake, Mona Antiqua Restaurata, kilichapishwa Dublin mwaka 1723, na yeye akafariki tarehe 21 Novemba mwaka huohuo. Mona ndilo jina ambalo Warumi walikiita kisiwa hicho. Waingereza hukiita Anglesey. Hoja kuu ya kitabu ni kwamba Mona ilikuwa makao makuu ya wadruidi, makuhani wa Wabritoni wa kale, na kwamba mawe makubwa yaliyotapakaa kisiwani ni mabaki ya madhabahu zao na mabaraza yao ya hukumu. Hoja hiyo si ya kweli. Kati ya wajenzi wa Bryn Celli Ddu na wadruidi waliotajwa na Warumi pana pengo la miaka elfu tatu hivi.

Kisa ninachokichambua ni hicho: mtu mmoja, parokia moja, jicho makini na hitimisho lililokwenda kombo. Rowlands akitajwa leo, mara nyingi hutajwa kama mfano wa mzee wa kale aliyeota ndoto za wadruidi, kisha msomaji anafungua ukurasa mwingine. Naona hapo anadhulumiwa. Kosa lake lina hatua, na kila hatua inaweza kuonyeshwa kidole. Na pale alipoacha kueleza akabaki kuandika alichokiona, mpaka leo tunamtegemea.

Mtu na eneo lake

Alizaliwa mwaka 1655 Plas Gwyn, katika parokia ya Llanedwen, kando ya mlango-bahari wa Menai unaokitenga kisiwa na bara. Mwaka 1696 akakabidhiwa parokia ya Llanidan pamoja na makanisa matatu madogo yaliyokuwa chini yake: Llanedwen, Llanddaniel Fab na Llanfair-yn-y-Cwmwd. Yote manne yako jirani. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuyazunguka kwa siku moja. Alipokufa akazikwa Llanedwen. Kwa hiyo kuzaliwa, kazi na kaburi, vyote viko ndani ya eneo hilohilo dogo.

Ng'ambo ya maji aliiona milima ya Eryri kila siku isiyo na ukungu, lakini kuvuka hakukuwa jambo jepesi. Mkondo wa Menai una nguvu na hugeuka na kupwa na kujaa, na daraja la kwanza kubwa, lile la Thomas Telford, lilifunguliwa mwaka 1826, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Wakati wake watu walivuka kwa mashua. Kisiwa kilisifika kwa kulilisha taifa kwa nafaka hata kikapewa jina la Môn Mam Cymru, Môn mama wa Wales, na watu wake walizungumza Kiwelisi. Rowlands alikuwa mtu wa lugha hiyo kwa kuzaliwa, akajiongezea Kilatini cha kutosha kuandika kitabu kizima, na Kiebrania cha kutosha kumponza, kama tutakavyoona.

Kazi ya kasisi wa mashambani ilimpa kitu ambacho msomi wa mjini hakipati kwa fedha: sababu ya kuingia kila nyumba. Alibatiza, alifunga ndoa, alizika. Zaka ya siku zile ilitoka shambani, hivyo kasisi hakuwa na budi kujua shamba gani linaitwaje, nani analima na linatoa nini. Mwaka 1704 Rowlands aliandika kitabu cha kilimo, Idea Agriculturae, ambacho kilikaa miaka 60 kabla ya kuchapishwa Dublin mwaka 1764. Humo anazungumzia jinsi ya kurutubisha udongo kwa chokaa, na kwa mchanga wa pwani uliochanganyika na magamba ya kombe. Nasisitiza kitabu hicho kwa sababu kinaonyesha aina ya akili tuliyonayo mbele yetu. Huyu hakuwa mtu wa kukaa chumbani akiota. Alijua udongo, alijua nani kabomoa ukuta na nani kajenga, na aliweza kutofautisha jiwe lililolala pale tangu kale na jiwe lililobebwa juzi.

Jambo lingine lilimsukuma. Mwaka uleule wa 1696 Edward Lhuyd, mlinzi wa jumba la makumbusho la Ashmolean kule Oxford na mwenyewe mwana wa Wales, alichapisha karatasi ya maswali na kuzitawanya nakala 4,000 katika parokia za Wales. Aliuliza kuhusu ngome, mawe yaliyosimama, sarafu zilizookotwa, majina ya mahali, mila, maji, mimea. Maswali yale yaliwapa makasisi wa vijijini heshima ambayo hawakuwa wamewahi kupewa: mtu wa Oxford anataka kujua jiwe lililo nyuma ya zizi lako. Lhuyd na Rowlands wakaandikiana, na baadhi ya barua za Lhuyd ziliingizwa ndani ya Mona Antiqua. Lakini Lhuyd alifariki mwaka 1709, na kwa miaka 14 ya mwisho kasisi wetu aliendelea bila rafiki huyo ambaye pengine angemshika mkono na kumwambia, hapa punguza mwendo.

Alichokuwa nacho mezani

Ushahidi wake ulikuwa wa aina tatu, nao nauhesabu kwa jinsi ulivyomtawala.

Wa kwanza ni maandishi ya Kirumi. Julius Caesar aliandika kwamba mafunzo ya wadruidi yalidhaniwa kuanzia Britania, na waliotaka kuyajua kwa undani walisafiri kwenda huko. Tacitus naye anasimulia shambulio la jenerali Suetonius Paulinus dhidi ya Mona, mwaka 60 au 61 BK. Kurasa zake zinasisimua hata leo: ufuo umejaa watu wenye silaha, wanawake waliovaa nguo nyeusi wanakimbia huku na huko na mienge, nywele zimetimka, na wadruidi wameinua mikono mbinguni wakilaani. Askari wa Kirumi waligandishwa na mandhari ile, kisha wakaambiana wasiogope kundi la wanawake na washupavu wa dini, wakavamia. Baada ya ushindi vichaka vitakatifu vilikatwa, vichaka ambamo, kwa maneno ya Tacitus, madhabahu zililoweshwa damu ya mateka.

Shika neno hilo, madhabahu. Ndilo lililobeba kisa kizima.

Wa pili ni majina ya mahali. Ndani ya eneo lake kuna Tre'r Dryw, na dryw kwa Kiwelisi ni mdruidi au mwonaji. Ni jina pia la ndege mdogo sana wa vichakani. Kuna Tre'r Beirdd, makazi ya washairi. Kuna Bodowyr, jina aliloliunganisha na ovati, yaani waaguzi. Waandishi wa kale waliigawa jamii ya wenye elimu ya Wagali, watu wa Ufaransa ya kale, katika mafungu matatu: wadruidi, washairi na waaguzi. Mafungu matatu vitabuni, majina matatu parokiani, tena jirani kwa jirani. Nikijiweka mahali pake, nikiwa na kitabu cha Strabo, mmoja wa waandishi hao wa kale, mkono mmoja na orodha ya mashamba mkono mwingine, sidhani kama ningelala usingizi usiku ule.

Wa tatu ni mawe yenyewe. Parokia zake zilijaa mawe. Llanedwen ina kaburi la mawe la Plas Newydd, lenye bamba kubwa la kutisha lililolazwa juu ya mawe yaliyosimamishwa, karibu na maji. Bodowyr ina lingine dogo linalofanana na uyoga. Bryn Gwyn ina mawe marefu yaliyosimama wima, na si mbali kuna tuta la mviringo liitwalo Castell Bryn Gwyn. Kisha Bryn Celli Ddu. Mabamba yale yaliyoinuliwa, watu wa Wales huyaita cromlech.

Alivyofika alikofika

Rowlands alianza na maandishi, akayabeba kwenda shambani. Tacitus amesema kulikuwa na madhabahu. Basi ziko wapi? Madhabahu ni kitu bapa, kimeinuliwa, chenye miguu. Cromlech ni jiwe bapa, limeinuliwa, lina miguu. Jibu likajitokeza lenyewe.

Lakini Tacitus hakusema madhabahu zile ni za mawe makubwa, wala hakutaja duara la mawe, wala jiwe lililosimama. Alitaja vichaka. Rowlands alichukua neno moja la Kilatini akalikabidhi kwa kitu cha kwanza kilichofanana nalo kwa umbo. Na umbo lile lilidanganya. Cromlech inafanana na meza kwa sababu kifuniko chake kimeondoka. Makaburi mengi ya aina hii yalijengwa yakiwa yamefukiwa chini ya rundo la mawe au udongo. Vizazi vya wakulima vimebeba mawe hayo kujengea kuta na mazizi, hadi ikabaki mifupa ya jengo, yaani nguzo na bamba la juu. Anayeona mifupa peke yake huona meza.

Kinachoniuma katika hatua hii ni kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Bryn Celli Ddu ilikuwa na rundo na chumba kwa pamoja. Ni yeye aliyeandika kwamba mawe ya rundo la pili yalihamishiwa kwenye kuta. Alijua wizi wa mawe unavyofanyika. Aliuona, labda aliwajua kwa majina walioufanya. Lakini marundo aliyaweka fungu lake, na cromlech fungu lake, akayaeleza mbalimbali. Hakuvuka hatua moja iliyobaki, ya kusema kwamba meza hii nayo zamani ilikuwa ndani ya rundo kama lile.

Kwa nini hakuivuka? Sababu ya kwanza ni kalenda. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland alikuwa ametangaza mwaka 1650 kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 KK, na kwa hesabu hiyo gharika ya Nuhu ilikuja mwaka 2348 KK. Kwa kasisi wa Kianglikana wa mwaka 1700 hii haikuwa nadharia ya kuchagua au kuacha. Kati ya safina na meli za Paulinus kulikuwa na muda mfupi, na ndani yake ilibidi wazao wa Nuhu watawanyike, wafike Britania, wapande mialoni, waanzishe dini, wasimamishe mawe. Hapakuwa na nafasi ya watu wengine waliokuja na kupita kabla ya wadruidi. Mpango wa kuigawa historia ya kale katika zama za mawe, shaba na chuma ulichapishwa na Christian Thomsen wa Copenhagen mwaka 1836. Upimaji wa umri kwa kaboni ulipatikana mwaka 1949. Rowlands hakukosea kujaza kisanduku. Alipewa kisanduku kimoja tu.

Sababu ya pili nailaumu zaidi, kwa sababu hapa alikuwa na uwezo wa kufanya vingine. Ni etimolojia zake. Kwa mwenye lugha, cromlech haihitaji mkalimani: crom ni iliyopinda au kuinama, llech ni bamba la jiwe. Rowlands aliyajua maneno hayo kama anavyolijua jina lake. Hata hivyo akaenda kulitafuta kwenye Kiebrania, akalipata cherem-luach, jiwe lililowekwa wakfu. Bryn Gwyn ni kilima cheupe. Mtoto yeyote wa kisiwani angekuambia. Yeye akaligeuza kuwa baraza kuu la hukumu. Aliamini Kiebrania ni mama wa lugha zote, na Kiwelisi ni mtoto aliye karibu zaidi na mama huyo kuliko lugha nyingine, basi kila neno la Kiwelisi lililokuwa wazi akalifungua upya kutafuta siri ndani yake. Wakati huohuo rafiki yake Lhuyd alikuwa ameshachapisha, mwaka 1707, Archaeologia Britannica, kazi iliyoonyesha kwa kulinganisha maneno na sauti kwamba Kiwelisi, Kikonwali, Kibretoni na Kiirishi ni ndugu. Njia bora ilikuwepo, tena imetoka kwa mtu aliyemwandikia barua. Mtu anapoacha sikio lake mwenyewe akafuata kitabu cha mbali, hata kama ni kitabu kitakatifu, matokeo huwa haya.

Majina ya Tre'r Dryw na Tre'r Beirdd yanahitaji neno la ziada, maana ndiyo sehemu yenye mvuto zaidi. Tref, kwa sheria za Wales za zama za kati, ni kitongoji, kipande cha ardhi chenye kodi na wajibu wake. Ni neno la utawala wa wafalme wa Wales, miaka mingi baada ya Warumi kuondoka. Makazi ya washairi yanaeleweka kabisa bila mdruidi yeyote: wafalme na wakuu wa Wales waliwapa washairi wao ardhi. Kwa hiyo majina yale yanaweza kuwa kumbukumbu ya kweli, lakini ya watu wa karne ya 12 au 13, si ya wale waliomlaani Paulinus.

Sababu ya tatu ni ya kibinadamu, na Waswahili wana maneno yake: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Angalia ramani ya Rowlands. Warumi walivukia wapi? Porthamel, pwani ya Llanidan. Ushahidi? Shamba liitwalo Maes Mawr Gad, uwanja wa vita vikubwa. Mdruidi mkuu alikaa wapi? Tre'r Dryw, Llanidan. Aliamua kesi wapi? Bryn Gwyn, Llanidan. Kisiwa kina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 700, lakini kila jambo zito la historia yake lilitokea mahali ambapo kasisi angeweza kufika na kurudi kabla ya sala ya jioni. Hadi leo hakuna aliyethibitisha Paulinus alivukia wapi, na huenda ikawa kweli ni pwani ile. Lakini mahali panapojulikana vizuri kuliko pengine siku zote patatoa ushahidi mwingi kuliko pengine. Yeyote anayeandika historia ya kijiji chake inambidi alijue hilo mapema, na alipime kila anapoona kijiji chake kimekuwa kitovu cha dunia.

Jiwe la paja

Kuna Rowlands mwingine ambaye wasomaji wa Mona Antiqua hawamjui. Aliandika kwa Kilatini kitabu cha historia ya parokia moja moja, Antiquitates Parochiales, na hakukimaliza. Kilichapishwa miaka ya 1840 katika jarida la Archaeologia Cambrensis. Humo hana haja na Nuhu. Anafuata ardhi: nani alimiliki kitongoji gani, kanisa gani lilijengwa wapi, ukoo gani ulishika shamba gani.

Humo ndimo lilimo jiwe la Llanidan. Mwaka 1188 Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi, alipita kaskazini mwa nchi akisindikiza msafara wa kuhubiri vita vya msalaba, akaandika habari ya jiwe la Môn lenye umbo la paja la mtu. Lilikuwa na tabia ya kurudi lenyewe. Ukilipeleka popote, usiku unaofuata limerejea mahali pake. Earl Hugh wa Chester, mkuu wa Kinormani, alipokikalia kisiwa kwa nguvu, alitaka kulijaribu: akaamuru lifungwe kwa minyororo kwenye jiwe kubwa zaidi na kutupwa baharini. Asubuhi lilikuwa mahali pake. Akapiga marufuku mtu yeyote kuligusa tena.

Miaka zaidi ya 500 baadaye Rowlands ndiye kasisi wa mahali hapo, na anatoa taarifa. Maen Morddwyd, jiwe la paja, anasema, lilikaa muda mrefu limejengewa kwenye ukuta wa makaburi. Miaka ya karibuni limechukuliwa, hajui na nani, huenda mtu wa dini ya Kikatoliki au mkono wa asiyejua. Nguvu ya zamani haikulizuia. Imekwisha, au imeyeyuka kwa uzee. Mahali hapakupata hasara, anaongeza, wala aliyelichukua hakupata faida.

Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi. Haina wadruidi, haina Kiebrania. Kuna jiwe, ukuta, wakati wa kutoweka kwake, na mtu anayeyajua makaburi ya kanisa lake hatua kwa hatua. Alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kulifanya jiwe lile kuwa madhabahu ndogo ya kipagani, na hakuifanya. Hapo ndipo ninapomwamini, na kwa sababu ya hapo namwamini pia anapohesabu marundo ya Bryn Celli.

Jembe la wachimbaji

Kitabu cha 1723 kilipata maisha marefu. Toleo la pili lilitoka London mwaka 1766. Ndani ya kitabu kulikuwa na picha ya mdruidi mkuu aliyevaa joho, na picha za namna hiyo zilisambaa katika karne ambayo William Stukeley, mtafiti Mwingereza wa mambo ya kale, naye aliwapa wadruidi maduara makubwa ya mawe ya Stonehenge na Avebury, katika vitabu vya 1740 na 1743. Mwaka 1792 Iolo Morganwg, mshairi wa Wales, alipanga duara la mawe madogo kwenye kilima cha Primrose Hill, London, na kuanzisha Gorsedd, baraza la washairi ambalo mpaka leo huongoza sherehe za Eisteddfod, tamasha la mashairi na muziki la Wales, likiwa na mdruidi mkuu wake na majoho yake. Rowlands hakuianzisha Gorsedd, lakini udongo ulikuwa umeshalimwa na yeye.

Uchimbaji ndio uliomhukumu. Bryn Celli Ddu ilichunguzwa mwaka 1865, kisha mwanaakiolojia W. J. Hemp akaichimba kwa kina mwaka 1928 na 1929. Ni kaburi la njia, limejengwa yapata mwaka 3000 KK: mtu anaingia kwa kuinama kwenye ujia mwembamba wa mawe, anatokea kwenye chumba chenye nguzo moja laini iliyosimama peke yake. Hemp alikuta pia jiwe lililochorwa mistari ya mawimbi. La asili limehifadhiwa Cardiff na mfano wake umesimamishwa palepale. Asubuhi ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, jua la mwezi Juni likichomoza huingia moja kwa moja kwenye ujia huo na kuangaza ukuta wa ndani. Castell Bryn Gwyn, baraza la hukumu la Rowlands, ilichimbwa mwaka 1959 na 1960, nayo ikaonekana kuanza katika zama zilezile za mawe za mwisho. Wadruidi wa Tacitus walikuwa wachanga mno kwa majengo haya, kama sisi tulivyo wachanga kwa Kleopatra, na zaidi ya hapo.

Kuhusu wadruidi wenyewe, ushahidi wa zama zao ulitoka mahali ambapo Rowlands hakupatazama. Mwaka 1942 na 1943, vita vikiendelea, uwanja wa ndege za kivita ulikuwa ukijengwa Valley, magharibi mwa kisiwa, na wafanyakazi walichota mboji kutoka kwenye kinamasi cha ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach ili kuimarisha ardhi. Vitu vya chuma vilitoka pamoja na mboji. Mnyororo mmoja ulikuwa mzima na imara hata wakautumia kuvutia malori yaliyokwama kwenye tope. Baadaye ikatambulikana ni mnyororo wa kufungia mateka shingoni, wa zama za chuma. Vikapatikana vitu zaidi ya 150: panga, mikuki, vipande vya magari ya vita, masufuria. Vilitupwa majini kwa makusudi, kama sadaka, katika karne za mwisho kabla ya Kristo na ya kwanza baada yake. Hakuna maandishi yanayosema ni wadruidi walioongoza ibada ile. Lakini ni kisiwa hicho, ni wakati huo, na mateka wa Tacitus wamo mnyororoni.

Kwa hiyo hata hoja yake kubwa haikuwa tupu. Mona ilikuwa mahali pa ibada nzito wakati Warumi walipofika. Alikosea mawe, na alikosea upande wa kisiwa.

Na pale alipohesabu tu, hesabu imesimama. Bryn Gwyn leo ina mawe mawili, yote marefu kuliko mtu. Rowlands aliona zaidi ya hayo na akayatambua kuwa mabaki ya duara. Kwa muda mrefu hakukuwa na cha kuonyesha, mpaka uchimbaji wa karne hii ulipothibitisha kwamba duara lilikuwepo. Bryn Celli Ddu nako, katika miaka ya 2010, wanaakiolojia walipima ardhi ya mashamba yanayoizunguka kwa mitambo, kisha wakafungua udongo. Walikuta rundo jingine la mawe, la kaburi, limefunikwa na majani, karibu na kilima kile ambacho wageni hupiga picha na kuondoka.